Nzi ya manyoya: kazi ya ndobo, uzi na jogoo

Siku ya soko hapa Kirumba, mama wauzaji wa kuku wakimaliza kunyonyoa, manyoya yanabaki chini. Upepo unayachukua, mvua inayashindilia kwenye matope, kesho yake yanafagiliwa na takataka zingine. Hakuna anayeuliza bei yake.

Kumbe mbali na hapa, ngozi ya shingo ya jogoo mmoja, na manyoya yake yote, inaweza kuuzwa makumi ya dola za Marekani. Mnunuzi hafanyi dawa wala mto wa kulalia. Anafunga manyoya hayo kwenye ndobo ndogo, yanafanana na nzi, halafu anaenda mtoni kudanganya samaki. Ni mchezo kwa wengine na mkate kwa wengine, na katika Afrika Mashariki kuna familia ambazo zimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Nzi gani hiyo?

Mvuvi wa Vitshumbi au Kyavinyonge akitega ndobo, anaweka chambo cha kuliwa: kipande cha samaki, mnyoo, au kitu chenye harufu. Kambare na mamba wanavutwa na harufu hiyo. Lakini kuna samaki wengine ambao wanawinda kwa macho. Wanakaa kwenye maji safi yanayotembea, wanatazama juu, na mdudu akianguka wanapanda kumkamata. Samaki wa namna hii hadanganywi kwa harufu, anadanganywa kwa umbo, rangi na mwendo.

Ndiyo maana watu walitengeneza nzi bandia. Wazo hili ni la zamani sana. Mwandishi Mroma anayeitwa Aelian, ambaye aliishi miaka zaidi ya 1,800 iliyopita, aliandika juu ya wavuvi wa Makedonia. Aliona kwamba mdudu wa kweli akishikwa kwa mkono anaharibika, hafai tena kuwa chambo. Basi wavuvi wale walizungusha sufu nyekundu kwenye ndobo na kufunga juu yake manyoya mawili ya jogoo, yale yanayoota chini ya undu, yenye rangi kama nta. Samaki aliona rangi, akafungua mdomo, akanaswa.

Tangu siku hizo vitu vingi vimebadilika, ila jogoo bado yuko kazini.

Uzi mzito, ndobo nyepesi

Nzi ya namna hii ni nyepesi sana, nyingine haizidi punje ya mchele. Mtu akijaribu kuitupa kwa uzi wa kawaida, inaanguka karibu na miguu yake. Kwa uvuvi wa kawaida, jiwe au risasi iliyofungwa kwenye uzi ndiyo inavuta uzi kwenda mbele. Kwa uvuvi wa nzi ni kinyume: uzi wenyewe ndio mzito, na uzi unabeba nzi.

Mvuvi anarusha fimbo nyuma, anangoja uzi unyooke angani, kisha anairusha mbele. Mtoto anayechunga ng'ombe na kupiga fimbo ya kamba ataelewa haraka, maana mwendo unafanana. Mwisho wa uzi mzito kuna kipande cha uzi mwembamba usioonekana ndani ya maji, na hapo ndipo nzi inafungwa. Ikiwa yote yamekwenda vizuri, nzi inatua polepole kama mdudu aliyechoka. Mvuvi akikosa, maji yanapigwa kwa kelele na samaki wanakimbia.

Fimbo za kwanza zilikuwa za mti, baadaye mianzi iliyopasuliwa na kugandishwa, na leo nyingi ni za kaboni.

Namna ya kufunga nzi

Vyombo vya mfungaji ni vichache. Cha kwanza ni etau ndogo ya mezani, ndugu mdogo wa ile etau ya fundi wa baiskeli. Inashika ndobo imara ili mikono miwili ibaki huru. Kuna mkasi mwembamba wenye ncha kali, uzi laini uliozungushwa kwenye kishikio kidogo, na nta kidogo au gundi.

Kazi inaanza kwa kuzungusha uzi juu ya shina la ndobo, kutoka karibu na jicho lake kwenda nyuma. Hapo unafungwa mkia, nyuzi chache za unyoya. Kisha mwili: manyoya laini ya sungura yanasokotwa kwenye uzi uliopakwa nta na kuzungushwa mpaka yafanane na tumbo la mdudu. Mbele yake unafungwa unyoya wa shingo ya jogoo na kuzungushwa mara tatu au nne, nyuzi zake zinasimama pande zote kama miguu. Nyuzi hizo ndizo zinaifanya nzi ielee. Mwisho ni fundo nyuma ya jicho la ndobo, na tone la gundi.

Ukubwa wa ndobo unahesabiwa kwa namba, na namba ikipanda ndobo inapungua. Ndobo ya 10 ni kubwa kuliko ya 14, na ya 20 ni ndogo mpaka mzee anahitaji miwani.

Kuna nzi zinazoelea juu na zingine zinazozama, maana wadudu wengi wa mtoni wanaishi chini ya mawe wakiwa bado watoto, kabla ya kuota mabawa. Kila mtindo una jina. Adams, moja ya nzi zinazojulikana sana Marekani, ilifungwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Leonard Halladay wa jimbo la Michigan. Mwingereza Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto, alifunga nzi yake ya kuzama kwa waya mwembamba wa shaba na unyoya wa mkia wa ndege tu, bila uzi wowote. Waya ulishika unyoya na pia ulileta uzito. Wapenzi wa kazi hii wanakutana, wanaonyeshana mitindo, wanabishana juu ya rangi ya unyoya mmoja usiku mzima. Wengine wanafunga tu, hata mtoni hawaendi.

Kenya: samaki wa kuletwa, kazi ya wenyeji

Samaki anayetafutwa zaidi na watu hawa ni trauti, ambaye wanaosoma Kifaransa wanamjua kama truite. Hakuumbwa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakawekwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye aina nyingine, trauti ya upinde wa mvua, ililetwa pia. Maji ya Aberdare na Mlima Kenya ni ya baridi na yana hewa nyingi, basi wale samaki walizoea. Karibu na Nyeri, pale Kiganjo, serikali ina kituo cha kuzalisha trauti.

Wageni waliokuja kuvua walihitaji nzi, na kuziagiza kutoka Uingereza kulichukua muda. Tangu wakati wa ukoloni Wakenya walifundishwa kuzifunga, na mikono yao ikawa hodari kuliko ya waliowafundisha. Baada ya uhuru wa 1963 kazi iliendelea. Leo Kenya ni moja ya inchi zinazojulikana duniani kwa kufunga nzi, pamoja na Sri Lanka, Thailand na Ufilipino. Kampuni ya Kiingereza Fulling Mill, kwa mfano, ina karakana yake Kenya. Wafungaji wengi ni akina mama.

Jambo la kushangaza ni kwamba mpaka leo mashine haijachukua kazi hii. Unyoya ni kitu hai, hakuna miwili inayolingana, na ni vidole tu vinavyojua kukaza bila kukata. Hesabu ni kwa dazeni: dazeni moja lazima ifanane yote, mkia uleule, urefu uleule, kichwa kilekile. Mkaguzi akiona moja imepinda, inarudi.

Lakini upande wa mfuko kuna tofauti kubwa. Nzi moja katika duka la Ulaya au Marekani inauzwa kwa dola mbili au tatu. Kati ya meza ya mfungaji na lile duka kuna karakana, usafiri, ushuru, msambazaji na mwenye duka, na kila mmoja anakata sehemu yake. Anayebaki na sehemu ndogo ni yule mwenye vidole. Mkulima wa kahawa wa Lubero hahitaji kuelezwa zaidi, anaijua hesabu hiyo. Tena mama aliyefunga maelfu ya nzi anaweza kumaliza maisha bila kuona samaki hata mmoja akinaswa nazo.

Soko lenyewe pia linayumba kwa mambo yasiyotegemewa. Mwaka 2011 wasichana wa Marekani walianza kusokea manyoya marefu ya jogoo kichwani kama urembo. Ghafla manyoya yaliyofugwa kwa ajili ya wavuvi yalikwisha madukani na bei ikapanda mara nyingi. Mwaka uliofuata urembo ulipita.

Manyoya yenye kesi

Kupenda manyoya kunaweza kumpeleka mtu pabaya. Zamani za karne ya 19, Waingereza walifunga nzi za samoni kwa manyoya ya ndege wa rangi kutoka misitu ya mbali. Mitindo hiyo ya kizamani bado ina wapenzi, ijapokuwa nzi zake zinakaa ndani ya kioo na haziloweshwi.

Mwezi wa sita 2009, kijana Mmarekani Edwin Rist, mwanafunzi wa muziki London na mfungaji hodari wa nzi hizo, alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring, Uingereza. Alitoka na ngozi 299 za ndege. Baadhi zilikusanywa na mtaalamu Alfred Russel Wallace zaidi ya miaka 100 kabla. Aliuza manyoya kwa wapenzi wenzake. Alishikwa mwaka 2010, na mwaka 2011 alipewa kifungo ambacho hakikumpeleka gerezani. Ngozi nyingi zilirudi bila vitambulisho vyake, zingine hazikurudi kabisa, na sayansi ilipoteza.

Habari hii inatugusa hapa. Misitu ya mashariki mwa Kongo ina kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyo wa porini imekatazwa chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2017. Akija mtu kutafuta manyoya yake, kwa kufunga nzi au kwa kazi nyingine, kijana ajue kwamba kesi itabaki kwake na mnunuzi atakuwa amekwisha panda ndege. Manyoya ya kuku, bata na sungura wa kufugwa hayana kesi.

Na sisi wa Ziwa Edouard?

Ziwa Edouard lina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 2,300, na sehemu kubwa iko upande wa Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Trauti hawezi kuishi humo, maji ni ya joto. Ila nzi wa kweli wako: ile mawingu ya wadudu wadogo inayopanda juu ya maji kama moshi. Watoto wao wanakua ndani ya ziwa na wanalisha samaki wengi. Samaki wa kula mdudu tunao, basi.

Mtu anaweza kutazama mito baridi ya milima ya Lubero na kufikiri: kwa nini tusilete trauti kama Kenya? Jibu linapatikana Ziwa Victoria. Sangara aliwekwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amemaliza aina nyingi sana za samaki wadogo wa asili. Sangara, trauti wa Scotland na trauti ya upinde wa mvua wote watatu wako kwenye orodha ya dunia ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi. Ziwa Edouard halina sangara, kwa sababu maporomoko ya mto Semliki yalimzuia kupanda kutoka Ziwa Albert. Hiyo ni bahati ya kulindwa, maana samaki wengine wa ziwa letu hawapatikani popote duniani.

Ziwa lenyewe tayari limeumia. Viboko, ambao kinyesi chao kinarutubisha maji, walikuwa zaidi ya 20,000 miaka ya 1970, na kufikia 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000 kwa sababu ya uwindaji wakati wa vita. Nyavu za macho madogo nazo zinabeba watoto wa samaki. Hapo wavuvi wa nzi wana neno moja la kutufundisha: wengi wao wanabana ncha ya nyuma ya ndobo, wanamtoa samaki polepole na kumrudisha majini. Mama wa Kirumba anayengoja samaki wa kuuza hawezi kurudisha kitoweo ziwani. Lakini kumrudisha mtoto wa samaki ili akue na kuzaa, hilo linawezekana kwa wavu wa macho makubwa.

Mambo ya kushika

Nzi bandia ni ndobo iliyovalishwa manyoya ili ifanane na mdudu. Haina harufu, inadanganya macho.

Uzi ndio mzito, nao unabeba nzi.

Kenya inafunga nzi kwa mkono tangu ukoloni na kuziuza nje, ila faida kubwa inabaki mbali na mfungaji.

Anayetaka kujaribu anaweza kuanza na ndobo ya kawaida, uzi wa cherehani, nta ya nyuki na unyoya wa shingo ya jogoo. Soko la nje halipatikani kwa siku moja, na asitoe pesa kwa mtu anayemwahidi kazi ya namna hiyo haraka.

Na kwa mama wauzaji wa kuku: manyoya ya shingo ya jogoo mzee, marefu na yenye kung'aa, ndiyo mazuri kuliko yote. Yakikauka vizuri na kuwekwa mbali na wadudu, yanadumu miaka.