Duara la Baraka na Mchezo wa Kompyuta

Mnamo Oktoba 2005 meli kutoka Kigoma ilianza kuwashusha mjini Baraka wakimbizi wa Kongo waliokuwa kambini Tanzania. Katika vijiji vya Fizi, eneo ulipo mji huo, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na ugomvi huo ukawa mojawapo ya mada za tamthilia shirikishi, iliyoendeshwa mashariki mwa Kongo na shirika la Search for Common Ground. Mbinu yenyewe inatoka kwa Mbrazili Augusto Boal, miaka ya 1970. Waigizaji hugombana mpaka ngumi zikaribie, kisha husimama ghafla. Mtazamaji huingia katikati ya duara, hushika nafasi ya mwenye shamba na kujaribu maneno yake. Akikwama, mwingine huingia.

Usalama wa kompyuta nao ulipata michezo yake ya kujifunza kwa kujaribu na kukosea. Mkutano wa wadukuzi wa DEF CON, Las Vegas, ulianza shindano la udukuzi liitwalo kukamata bendera mwaka 1996. Baadaye chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani, huko Monterey, kilishiriki kutengeneza mchezo wa kompyuta wa CyberCIEGE: mchezaji hununua mitambo, huajiri watu, na akibania ulinzi huona siri zikiibwa.

Kongo nayo inahitaji somo hilo: huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa iliingia huko mwaka 2012, na matapeli wa simu hawakukawia. Kanuni ya Dijitali ya nchi hiyo, ya 13 Machi 2023, inaadhibu makosa ya mtandaoni. Lakini watu wanaweza kujifunza kabla ya kuibiwa, kwa duara lilelile la tamthilia: tapeli anayejifanya wakala na kudai namba ya siri ni igizo lililokamilika: linahitaji simu moja, watu wawili na duara, hata umeme ukikatika.