Mkwaruzo Ndani ya Gari: Historia ya Dashibodi na Ufundi wa Kuitengeneza

Dashibodi, yaani sehemu iliyo mbele ya dereva inayobeba mita na vitufe, ina asili kongwe kuliko gari la kisasa lenyewe, kwa kuwa ilianza kama kinga ya mbao au ngozi iliyowekwa mbele ya magari ya kukokotwa na farasi, ili mwendeshaji asirukiwe na tope na changarawe zilizotimuliwa na kwato. Kinga hiyo iliwekwa ili ipigwe na kukwaruzwa, wala hakuna aliyehangaika kuzifuta alama zake. Mkwaruzo uligeuka kuwa kasoro baada ya gari kuwa chumba cha kukaa, chenye paa na vioo, na tangu hapo historia ya kuuondoa imeandamana na historia ya malighafi, maana kila malighafi hukwaruzika kwa namna yake na huwa na tiba yake.

Katika magari ya kifahari ya Uingereza ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, dashibodi nyingi zilikuwa za mbao zilizobandikwa utando mwembamba wa mjozi, mti unaopendwa kwa mistari yake, kisha zikang'arishwa kwa vanishi. Mojawapo ya vanishi za zamani katika kazi ya mbao ni sheleki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa Asia Kusini na kuyeyushwa katika spiriti. Sheleki iliyokauka huyeyuka tena inapoguswa na spiriti. Kwa hiyo fundi aliyepitisha kitambaa chenye sheleki mpya juu ya mkwaruzo hakuwa akiuziba tu, bali alilifanya tabaka la zamani liungane na jipya, na alama ikamezwa na mng'ao uleule. Magari ya kazi yalikuwa na bati lililopakwa rangi, kama ilivyokuwa kwa Land Rover iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na ambayo Afrika Mashariki iliifahamu vyema, na hapo tiba ilikuwa ileile ya mlango au boneti: msasa, rangi ya msingi, kisha rangi ya juu. Katika hali zote mbili dashibodi ilitengenezwa na mafundi ambao kazi zao zilikuwepo kabla ya gari, yaani seremala na mpaka rangi.

Plastiki iliingia kwa hatua ndogo. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Yonkers, New York, alibuni Bakelite, ambayo ilitumika kwanza katika vifaa vya umeme vya gari na baadaye katika vitufe na vishikio. Hiyo ni plastiki isiyorudi nyuma: ikishaiva kwa joto na shinikizo hailainiki tena, kama yai lililochemshwa, hivyo mkwaruzo wake huweza kusuguliwa tu mpaka uso wote ushuke usawa wa alama.

Kilichoibadilisha kabisa dashibodi hakikuwa urembo wala bei, bali majeraha ya binadamu. Katika miaka ya 1930 Claire Straith, daktari wa Detroit aliyerekebisha nyuso zilizoharibika, aliwatibu abiria waliopasuliwa sura na mabati na vitufe vilivyochomoza, akawahimiza watengenezaji wa magari waweke mito laini mbele ya abiria. Wito huo ulipata nguvu ya sheria baada ya miongo mitatu: kitabu cha Ralph Nader kuhusu hatari za magari ya Marekani kilitoka mwaka 1965, sheria ya usalama wa magari ikatiwa saini tarehe 9 Septemba 1966, na kanuni zilizotungwa chini yake, zilizoanza kutumika Januari 1968, zikataka sehemu za ndani zinazoweza kugongwa na kichwa zipunguze ukali wa kishindo. Mabadiliko hayo yanastahili heshima, kwani yameokoa nyuso na maisha ya watu. Lakini ndiyo pia yaliyowaondoa seremala na mpaka rangi katika kazi ya dashibodi.

Badala ya bati lilikuja povu la poliuretani, kemikali iliyotokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen mwaka 1937, likafunikwa ngozi bandia ya vinaili. Vinaili kwa asili ni ngumu, na hulainishwa kwa vimiminika vya mafutamafuta vinavyochanganywa ndani yake. Gari likianikwa juani kila siku, vimiminika hivyo hutoka polepole, hutanda kama ukungu kwenye kioo cha mbele, na ngozi iliyobaki hukauka na kupasuka. Fundi wa vinaili alijaza ufa kwa vinaili ya majimaji, akaiivisha kwa joto huku akiikandamiza kwa karatasi yenye vinyweleo vya kuigiza ngozi ya mnyama. Ulikuwa ufundi mpya kabisa, wa kunakili sura ya uso pamoja na kuziba shimo.

Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 watengenezaji walitafuta wepesi, na polipropilini, ambayo Giulio Natta aliitengeneza katika maabara yake ya Milano mwaka 1954, ikazidi kutumika milangoni na katika dashibodi, ikichanganywa na mpira na unga wa talki ili iwe imara. Plastiki hii haishikani kwa urahisi na gundi wala rangi, na inapokwaruzwa hubadilika kuwa nyeupe, kwa sababu uso wake huvutika na kuchanika na chembe za talki hujitokeza, kiasi kwamba alama isiyo na kina chochote huonekana kama jeraha kubwa. Hata hivyo, tofauti na Bakelite, hulainika kwa moto. Hewa ya moto ikipitishwa juu yake kwa haraka bila kutulia mahali pamoja, kingo za mkwaruzo hulegea na kurudi, na weupe hufifia. Nafasi ya kukosea ni ndogo, kwani polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi za Selsiasi, na kabla ya hapo vinyweleo vyake vinaweza kulala na kuacha doa linalong'aa, ambalo ni baya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Tangu uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2003, vipande vya plastiki vya gari vinavyozidi gramu 100 hupigwa chapa ya aina yake kwa nyuma, na watengenezaji wengi wa Japani hufanya vivyo hivyo. Chapa hiyo iliwekwa kwa ajili ya urejelezaji, lakini inamfaa sana fundi wa Mombasa au Dar es Salaam anayepokea magari yaliyokwisha kutumika Japani. Herufi PP maana yake ni polipropilini, nayo huhitaji joto, au rangi ya msingi maalumu ikiwa itapakwa. Herufi ABS ni plastiki nyingine, inayokubali rangi kwa urahisi zaidi lakini huyeyushwa na asetoni. Dawa za kung'arisha dashibodi zenye silikoni, zinazopendwa mno na wenye magari, huifanya rangi ijitenge na uso. Mwenye gari asome chapa kwanza, aioshe silikoni yote, na ajaribu joto mahali pasipoonekana kabla ya kununua kipande kipya.