Kikombe Juu ya Meza: Historia Fupi ya Picha za Vitu Tuli na Mashindano ya Ridhaa

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Kampala, akitaka kuwaeleza wanafunzi wake picha ya kikombe, mkate na kisu vilivyopangwa juu ya meza, hulikuta jina la Kiingereza lenye maana ya uhai uliotulia. Mwenziwe wa Bujumbura au Lubumbashi hulikuta jina la Kifaransa lenye maana ya maumbile yaliyokufa. Picha ni ile ile, lakini jina moja lasema kwamba vitu vile vi hai, na jina la pili lasema kwamba vimekufa. La kwanza lilitoka kwa Waholanzi, ambao wachoraji wao wa karne ya 17 walisifika kwa kuchora matunda, samaki, bilauri na mishumaa. La pili lilienea Ufaransa katika karne ya 18. Katika makala haya nitasema "picha za vitu tuli", ili nisiingie upande wowote kabla ya wakati wake.

Jambo ninalotaka kulieleza ni jinsi watu wasiofanya kazi ya picha kwa ujira walivyolishindania swali hilo kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Watu hao twaweza kuwaita wapiga picha wa ridhaa. Wanamichezo wetu wamekwisha kulizoesha neno hili, kwani twasema "ndondi za ridhaa" bila shida yoyote. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mtu wa ridhaa hakutumwa wala hakuajiriwa. Amejituma mwenyewe, na kosa lake humgharimu yeye tu. Hapo ndipo ulipo uhuru wake, na kama tutakavyoona, ndipo pia anapoweza kuupoteza.

Vitu vyatangulia watu

Upigaji picha ulipoanza, vitu vilipata nafasi kabla ya watu, kwa sababu iliyo wazi: vitu havitikisiki. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliipiga picha barabara moja ya Paris mchana. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha yaonekana kana kwamba mji umehamwa. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila aliyekuwa akitembea alitoweka. Aliyesalia kuonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1837, Daguerre alikuwa amekwisha kupanga kando ya dirisha sanamu ndogo za plasta, chupa iliyozungushiwa ususi na picha iliyotiwa fremu, akavipiga picha. Vitu hivyo vilikaa kimya mpaka kazi ikaisha. Tarehe 19 Agosti 1839 siri ya ufundi wake ilitangazwa hadharani mjini Paris.

Huko Uingereza, William Henry Fox Talbot alikuwa ameshika njia yake mwenyewe. Talbot alikuwa mtaalamu wa hisabati na mwenye mali. Picha hazikuwa riziki yake. Yeye mwenyewe alieleza kwamba fikira ile ilimjia mwaka 1833 kando ya ziwa Como, Italia, aliposhindwa kuichora kwa mkono mandhari iliyokuwa mbele yake. Kati ya mwaka 1844 na 1846 alitoa, sehemu kwa sehemu, kitabu chenye picha 24. Miongoni mwake mna rafu za vyombo vya kauri, rafu za vyombo vya kioo, vikapu vya matunda, na mlango ulio wazi ulioegemezewa ufagio.

Picha mbili kati ya hizo zafaa kulinganishwa. Juu ya picha ya vyombo vya kauri, Talbot aliandika kwamba mwizi akiviiba, picha ingeweza kupelekwa mahakamani kutoa ushahidi. Juu ya picha ya ufagio, aliwataja wachoraji wa Kiholanzi kuwa kielelezo cha kuchora mambo ya kila siku. Basi mtu yule yule, katika kitabu kile kile, alizitia picha za vitu katika kazi mbili: kuhesabu mali, na kuonyesha uzuri wa kitu ambacho hakuna angejisumbua kukiiba. Mashindano yote yaliyofuata yalizunguka baina ya kazi hizo mbili.

Kubadilishana na kushindana

Katika miaka ya 1850 wapiga picha wa ridhaa wa London waliunda chama cha kubadilishana picha. Kila mwanachama alitengeneza nakala na kuwapelekea wenzake, naye akapokea zao. Hapakuwa na zawadi. Macho ya wenzake ndiyo yaliyokuwa hukumu. Huko New York chama cha namna hiyo kiliundwa mwaka 1861.

Wakati huo Roger Fenton alikuwa amekwisha kupata sifa. Alisomea sheria, akawa katibu wa kwanza wa chama cha wapiga picha kilichoundwa London mwaka 1853, na mwaka 1855 alikwenda kupiga picha katika vita vya Crimea. Mwaka 1860 aliviacha vita na majumba makubwa, akageukia zabibu, mafyulisi na maua. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa kuwa dawa za wakati ule hazikuzipokea rangi sawasawa: buluu ilitoka nyeupe, nyekundu na manjano zikatoka nyeusi. Aliyetaka tunda lionekane bivu alipaswa kuchagua kwa rangi atakayoitoa bamba, si kwa rangi aionayo kwa jicho lake.

Mwaka 1862 yalifanyika London maonyesho makubwa ya mataifa. Wasimamizi walikusudia kuziweka picha pamoja na mitambo. Wapiga picha walilalamika, kwani kuwekwa pamoja na mitambo kulikuwa sawa na kuambiwa kwamba mashine ndiyo iliyofanya kazi na mtu alikuwa utingo wake tu. Mwishowe picha zilipewa fungu lake, ingawa hazikuingizwa pamoja na sanaa. Fenton alipata nishani kwa picha zake za matunda na maua. Mwaka huo huo aliacha kabisa kupiga picha, akauza vifaa vyake, akarudi katika kazi ya sheria.

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alitoa kamera ya Kodak iliyouzwa kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Mwenye kamera alibonyeza tu, kisha akairudisha kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 ikaja kamera ya Brownie kwa dola moja. Idadi ya watu wa ridhaa ikaongezeka sana, na kati yao klabu na magazeti ya wapiga picha vikapata wafuasi wengi.

Gazeti moja la London lililoanzishwa mwaka 1884 kwa ajili yao lilitoa mwaka 1887 shindano la picha za likizo. Mwamuzi alikuwa Peter Henry Emerson. Zawadi ya kwanza, ambayo ilikuwa nishani ya fedha na gini mbili, ilikwenda kwa kijana Mmarekani aliyekuwa akisoma Berlin, jina lake Alfred Stieglitz, kwa picha ya watoto wakicheka kisimani Bellagio, kando ya ziwa lile lile la Como lililomshinda Talbot kulichora. Emerson aliipenda kwa kuwa ilikuwa na uhai usiopangwa. Kwa mpenda vitu tuli hukumu hiyo ilikuwa mtihani. Ikiwa uhai ni kutopangwa, je, aliyetumia asubuhi nzima kusogeza bakuli na chungwa ana nini cha kuonyesha?

Bakuli, pilipili na bilauri

Jibu moja lilitoka kwa mtu aliyejifunza kupiga picha shuleni. Paul Strand, aliyezaliwa New York mwaka 1890, alifundishwa kupiga picha na mwalimu wake wa shule, Lewis Hine. Mwaka 1916, akiwa Connecticut, alichukua mabakuli ya jikoni, akayasogelea mno kwa kamera, akayainamisha mpaka kingo na vivuli vyake vikawa mistari inayopishana. Hakuongeza kitu chochote ambacho hakimo jikoni. Stieglitz, ambaye sasa alikuwa mhariri wa jarida mashuhuri la picha, aliitoa kazi ya Strand katika toleo la mwisho la jarida hilo mwaka 1917. Yule aliyepewa zawadi kwa picha isiyopangwa ndiye aliyezifungulia mlango picha zilizopangwa kuliko zote.

Jibu la pili lilitoka California mwaka 1930. Edward Weston aliliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, na bati likaurudisha mwanga pande zote. Aitazamaye picha ile huona mgongo wa mtu, au mabega ya watu wawili waliokumbatiana, na bado ajua kwamba anatazama kitu cha sokoni.

Jibu la tatu lagusa moyo zaidi. Josef Sudek alikuwa Mcheki aliyezaliwa mwaka 1896, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu na kupiga picha kwa ridhaa. Alijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza huko Italia, akakatwa mkono wa kulia, na kazi ya kujalidi ikamponyoka. Aliporudi Prague alijiunga na wapiga picha wa ridhaa. Lakini yeye na mwenzake Jaromír Funke, aliyekuwa akipiga picha za sahani na vipande vya kioo, hawakupatana na wakubwa wa klabu. Hao walikuwa wameyazoea mashindano, nao walijua namna ya picha ipatayo zawadi: ukungu mwepesi, mwanga laini, umbo kama la mchoro. Mwaka 1924 wale vijana waliunda chama chao wenyewe.

Katika miaka ya vita vya pili, tangu mwaka 1940, Sudek alianza kupiga picha za dirisha la chumba chake cha kazi, na aliendelea mpaka mwaka 1954. Mji ulikuwa umekaliwa na jeshi la Kijerumani, na kutembea na kamera kubwa mitaani kulikuwa na hatari. Alivyokuwa navyo ni kizingiti, bilauri ya maji, yai, ua moja na umande juu ya kioo. Kwa vitu hivyo, na kwa mkono mmoja, alifanya kazi ambayo wengi wameiona kuwa kilele cha aina hii ya picha. Alifariki mwaka 1976. Kisa chake chatuonya kwamba shindano la kirafiki laweza kuwa shule, nalo laweza kuwa pingu, siku wanachama wanapoanza kupiga picha ya mwaka jana kwa sababu ndiyo iliyoshinda.

Zidaka za pwani

Isidhaniwe kwamba kupanga vitu ili vitazamwe ni jambo lililoletwa na kamera. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate kuta zilichongwa zidaka, na humo vikapangwa vyombo vya kauri kutoka Uchina na kwingineko. Mabakuli ya namna hiyo yalijengewa hata katika nguzo za makaburi, kama yale ya Mambrui na Kunduchi. Na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kukumbuka fahari ya Pate iliyoanguka, alizitaja zidaka zilizokuwa na vyombo na sasa zalala makinda ya ndege. Wachoraji wa Kiholanzi walitia fuvu na mshumaa uliozimika kukumbusha jambo hilo hilo. Mshairi wetu alivitoa vyombo vyenyewe, akatuachia nafasi yake tupu.

Darasani

Kwa mwalimu, historia hii yaweza kuwa zoezi, na kamera si lazima. Wapeni wanafunzi vitu vitatu vya nyumbani, kwa mfano kata, ndimu na kitambaa, na kila kikundi kivipange kitakavyo karibu na dirisha. Wenye kamera wapige picha. Wasio nayo waandike aya moja. Kisha wote wazunguke watazame, na kila mmoja aeleze kazi ya mwenziwe kabla mwenye kazi hajasema neno. Kama zawadi ipo, na iwe ndogo, na mwamuzi abadilike kila mara, ili asipatikane mtu ambaye wote wanampigia picha yeye.

Lugha yenyewe itawasaidia. Sarufi yetu huviweka vyombo mbali na viumbe: mtoto amekaa, lakini kikombe kimekaa. Hata hivyo kitenzi ni kimoja. Chungu hukaa mekoni, ufagio huegemea ukuta, saa hufa, na kiporo ni chakula kilicholala. Msemaji wa Kiswahili kila siku huvipa vitu vyake kukaa, kulala na kufa, bila kudhani kwamba anatunga shairi. Kwa hiyo, mwanafunzi atakapouliza kama vitu vilivyo katika picha vi hai au vimekufa, mwalimu asimpe jibu la Kiingereza wala la Kifaransa. Amwambie atazame kikombe kile, kisha aseme kimekaaje. Akipata kitenzi kilicho sawa, amekwisha kuisoma picha.