Tezi dume: Ultrasaundi inaonyesha nini mkojo unapogoma kutoka?

Unaamka mara tatu, nne usiku kwenda msalani. Ukifika, mkojo unachelewa, unatoka kidogo kidogo, na ukirudi kitandani unahisi bado haujaisha. Kwa mwanaume aliyevuka miaka 50, mara nyingi kinachoshukiwa ni tezi dume iliyotanuka na kubana njia ya mkojo.

Daktari anaweza kuagiza ultrasaundi. Haina mionzi, haiumi na huchukua dakika chache. Unakunywa maji, unabana mkojo hadi kibofu kijae, kisha unapakwa jeli chini ya kitovu na kupimwa.

Wanaangalia nini?

- Ukubwa wa tezi: Ya kijana huwa kama mililita 20 hadi 25. Ikizidi 30, kwa kawaida huhesabiwa imetanuka.
- Mkojo unaobaki: Unaenda kukojoa, kisha unapimwa tena. Chini ya mililita 50 kwa kawaida haitishi. Ukifika 200 au 300, kibofu hakimalizi kazi yake.
- Tezi kuchomoza kibofuni: Ikiingia zaidi ya milimita 10, uwezekano wa njia kubanwa ni mkubwa.
- Ukuta wa kibofu: Msuli unaosukuma kwa nguvu muda mrefu huwa mnene.
- Figo: Mkojo usiposhuka vizuri, figo hutanuka na zinaweza kuharibika, wakati mwingine bila maumivu yoyote.

Ukubwa si kila kitu

Kuna tezi kubwa isiyosumbua na ndogo inayobana kwelikweli. Inategemea imekua kuelekea wapi.

Pia, mkojo kubaki hakumaanishi lazima njia imebanwa. Kibofu chenyewe kinaweza kuwa kimelegea, mfano kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi. Pale daktari anapokuwa na shaka, hasa kabla ya upasuaji, huweza kuagiza kipimo cha presha ya kibofu wakati wa kukojoa.

Vipi kuhusu saratani?

Ultrasaundi ya tumboni haitoshi kusema huna saratani. Ndiyo maana unaweza kuambiwa upime damu (PSA) na kupimwa kwa kidole. Usikwepe.

Usisubiri kama:

- Mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini linauma. Hii ni dharura, utahitaji kuwekewa mpira haraka.
- Unaona damu kwenye mkojo.
- Una homa na mkojo unauma.

Baba au babu yako halalamiki? Muulize anaamka mara ngapi usiku. Wengi hunyamaza wakidhani ni uzee tu.