Santuri za Morogoro

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alifariki ajalini Kenya mwaka 1979, akatuachia santuri. Gramafoni niliyorithi iliundwa Marekani, kwenye umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 50, na mota ya aina ile hufuata mizunguko. Transfoma ilishusha volti tu. Basi santuri ya 45 ikazunguka mara 37.5 kwa dakika, na Mbaraka akaimba kizee, naye uzee hakuuona.

Nikaunda kidhibiti mwendo: oskileta ya mizunguko 60, kipaza nguvu cha transista (za redio mbovu, bila shaka), na transfoma ya kupandisha hadi volti 120. Sauti ikapanda kama toni moja na nusu.

“Sasa ndiye,” akasema dada yangu, aliyepata kumsikia ukumbini. Tukamweka Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyetutoka 1965.