Mkuyu, Mchikichi na Uwanja wa Nyumba Kyela

Anayetaka kulinganisha mkuyu na mchikichi kama miti ya kupanda uwanjani pa nyumba katika bonde la Kyela atamaliza hesabu ya kawaida upesi sana. Mkuyu hutanda, na mizizi yake hufuata maji hata chini ya msingi wa nyumba. Makuyu yake huiva kwa mafungu, yakaleta ndege mchana na popo usiku, na uchafu wake ni wa kufagia kila siku. Mchikichi hupanda juu bila tawi, hauvunji ukuta, na kila mkungu unaokatwa ni mawese ya jikoni au ya sokoni. Kero yake ni miiba: vikonyo vya makuti na vya mkungu vina ncha zinazochoma kama sindano, ingawa mkindu, ndugu yake wa kando ya mito, ni mkali zaidi, na watu huuvumilia kwa ajili ya ukindu wa mikeka. Kwa hesabu hiyo mchikichi unashinda. Lakini historia ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa inauliza swali jingine: kwa nini mti mkubwa wa uwanjani huko zamani ulikuwa mkuyu, mti usiouzika? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba mti wa uwanjani ulifuata jinsi ardhi ilivyoshikwa, na kwamba faida na uzuri vilikuja nyuma ya jambo hilo.

Ushahidi wa kwanza ni wa Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa na umri wa miaka 21 tu alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879. Kiongozi wa msafara wake, Keith Johnston, alikuwa amefia Behobeho miezi michache nyuma, na kijana huyo akalazimika kuwaongoza wapagazi mwenyewe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 anaeleza tambarare iliyofunikwa na migomba, mikungu yake ikiwa mizito kiasi cha kuwa mzigo wa mtu mmoja, ardhi imepaliwa na kufagiwa, nyumba za mviringo zimepambwa kuta kwa madoa ya rangi, na hapa na pale mikuyu mikubwa mno ambayo tawi moja tu lilikaribia kuwa mti kamili. Ndiyo bustani ya Wanyakyusa, wenyeji wa mwambao huo, kama mgeni alivyoikuta: chakula kinatoka kwenye mgomba, kivuli kinatoka kwenye mkuyu.

Inawezekana kusema kwamba Thomson alilewa na alichokiona. Alikuwa ametoka katika nyika kavu, akafika wakati wa kiangazi, kabla ya mvua zinazofanya Kiwira, Mbaka na Songwe kumwagika mashambani. Mtu aliyechoka husifu kivuli kuliko kinavyostahili. Nakubali sifa zake zipunguzwe. Hata hivyo, sifa ni jambo moja na kuwepo kwa mti ni jambo jingine. Hakuwa na sababu ya kuzua mikuyu, na zaidi ya hapo, alichokieleza kinalingana na mpango wa maisha ambao wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliuchunguza kwa makini katika miaka ya 1930. Wanyakyusa hawakukaa kwa ukoo. Walikaa kwa rika. Wavulana wa umri wa miaka kama kumi walitoka kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua, wakaoa, na kijiji chao kikaendelea kuwa cha wenzao wa hirimu moja. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo watoto wa malafyale, yaani chifu, waliotawazwa pamoja na rika lao walikabidhiwa nchi, na wazee wakasogea kuwapisha.

Hebu tufikirie mti wa uwanjani katika mpango kama huo. Mtu anayejua kwamba siku moja atasogea hana sababu kubwa ya kupanda kitu ambacho thamani yake yote imo katika kukaa hapo hapo miongo kadhaa akikihesabu kuwa chake. Mkuyu hauhitaji mtu wa namna hiyo. Mara nyingi huota wenyewe kwa mbegu ya kinyesi cha ndege. Na ukipita umri wa aliyeukuta mdogo, unabaki pale pale kwa rika linalofuata. Kivuli chake kinatumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, jambo lililowafaa watu ambao fahari yao ilikuwa kula na kunywa pamoja na wa rika lao, si peke yao nyumbani. Ni kweli kwamba katika ubusoka kulikuwa na desturi ya kupanda miti, na mtu anaweza kusema kwamba huo ni umiliki wa wazi kabisa. Ni umiliki, ndiyo, lakini wa nchi ya malafyale mpya na watu wake. Hakuna kaya iliyojipatia kiwanja kwa mti ule.

Michikichi na jamaa zake wana tabia tofauti. Hakuna tawi la kukata na kuchomeka: mchikichi hutoka kwenye mbegu, huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Aliyeupanda anajulikana, na mikungu inahesabika. Pwani jambo hili lilifikishwa mbali kuliko popote Afrika Mashariki: mnazi uliweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ya mtu mwingine, minazi ikarithiwa kwa mafungu na kuwekwa rehani mmoja mmoja. Kyela haikufika huko, lakini mantiki ni ile ile, na ushahidi wake mzuri uko milimani Rungwe, wilaya ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake. Kahawa ilipoenea huko wakati wa Waingereza, wenye mibuni walianza kukataa kusogea. Monica Wilson aliliona hilo na kuliandika: zao la kudumu, pamoja na uhaba wa ardhi uliokuwa unaongezeka, vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyovunja vijiji vya rika. Sherehe haikupigwa marufuku na mtu. Miti ya watu binafsi iliifanya isiwezekane.

Pingamizi zito zaidi linatoka Buganda. Huko mtini uitwao mutuba, jamaa wa mkuyu, ulikuwa mali kabisa. Ulipandwa katikati ya migomba, ukabanduliwa gome mara kwa mara, ukafungwa majani ya mgomba ili upone, na gome likapondwa kuwa nguo; ufundi huo uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika. Ikiwa mtini unaweza kuwa mali ya mtu Buganda, basi hoja yangu kuhusu mkuyu wa Nyasa inaonekana kuanguka. Kwa kweli inanyooka zaidi. Mutuba ulikuwa mali kwa sababu ya kazi iliyowekwa juu yake mwaka hadi mwaka na mkono unaojulikana. Upande wa pili, mugumo wa Wakikuyu, nao ni mtini, ulikuwa wa ibada, na hakuna aliyethubutu kuuita wake. Kwa hiyo jamii ya mti haiamui. Kinachoamua ni kazi, na muda ambao mtu anatarajia kukaa karibu na kazi yake.

Wengine watasema uchumi unatosha kueleza yote: watu wanapenda mafuta kuliko kivuli. Hali ya hewa inawaunga mkono, kwa kuwa Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika mwinuko wa chini, na sehemu za bara zenye hali hiyo ni chache. Ndiyo maana, tangu Serikali ilipoanza kulifufua zao la michikichi mwaka 2018 kupitia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga mkoani Kigoma, Kyela imekuwa ikitajwa pia. Lakini uchumi peke yake hauelezi kwa nini watu wa migomba mizito namna ile walikubali mkuyu ukalie ardhi nzuri kuliko zote, karibu kabisa na nyumba. Hesabu ya mavuno huanza kutawala uwanja pale mwenye uwanja anapokuwa na uhakika kwamba atavuna yeye au mwanawe.

Kokoa imelichanganya jambo hili kwa namna inayovutia. Sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania hutoka Kyela, na mche wa kokoa unataka kivuli, hasa ukiwa mdogo. Mchikichi mmoja mmoja hautoi kivuli hicho vizuri. Wakulima wameacha migomba, miembe na miti mikubwa ya asili isimame juu ya kokoa. Mkuyu unaosimama hivyo leo ni ule ule, lakini una mwenyewe, na mpaka wake unajulikana. Ulio wa wote umebaki shuleni, kanisani, au penye ofisi ya kijiji. Na mwenye shamba anayemkodisha mtu ekari ya mpunga kwa msimu hatauliza sana juu ya mipapai anayoipanda ukingoni; akiona miche ya michikichi, atamwambia aing'oe kabla haijashika mizizi.