Viboko Vyenye Masharti: Kanuni za 2002 na Shule za Mbulu na Hanang

Mjadala wa viboko nchini Tanzania umetugawa kati ya wanaotaka vifutwe na wanaoamini kuwa mtoto hafunzwi bila fimbo. Wote huzungumza kana kwamba kila mwalimu ana ruhusa ya kuchapa. Kisheria hana.

Kanuni za Adhabu ya Viboko za 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena kwa kila tukio. Kosa liwe kubwa, au liwe la kuishushia shule heshima. Viboko visizidi vinne, kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kisha yote yaandikwe daftarini: jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa.

Sasa tuzisome kanuni hizo tukiwa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka huohuo. Maboma ya wafugaji wa Kibarabaig wilayani Hanang yametawanyika, na mifugo ikihamia kwenye malisho, mtoto huifuata. Wilayani Mbulu, watoto wengi huanza shule wakijua Kiiraqw zaidi ya Kiswahili. Makosa yanayozaliwa na maisha hayo ni kuchelewa, utoro na kushindwa kujibu swali, na ndiyo hasa wanafunzi wa Tanzania huyataja wakiulizwa walichapiwa nini. Kwa usomaji wowote wa haki, kuchelewa si kosa kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionesha kuwa takribani nusu ya vijana walipigwa na walimu kabla ya kutimiza miaka 18. Idadi hiyo haiwezi kutokana na makosa makubwa tu yaliyoidhinishwa moja baada ya jingine.

Wanaotetea fimbo kwa jina la utamaduni wangefaa kuitazama Hanang kwa makini zaidi. Wanaanthropolojia wameandika jinsi baraza la wanawake wa Kibarabaig lilivyomtoza ng'ombe mwanamume aliyewakosea. Aliyeadhibiwa alikuwa mtu mzima, sawa. Lakini jamii hiyo ilijua kuadhibu kwa kikao na faini.

Juu serikalini, kanuni hazina uzito mkubwa zaidi. Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi wa sekondari wilayani Chunya. Hakuwa mkuu wa shule yao. Rais Magufuli alimsifu hadharani. Baada ya hapo, mwalimu wa kijijini atamwomba nani kibali cha maandishi?

Itasemwa kwamba Kenya ilipiga marufuku viboko mwaka 2001 na bado vinasikika madarasani. Ni kweli, na ndiyo maana mafunzo ya walimu, kama yale ambayo mtafiti Mabula Nkuba na wenzake waliyajaribu katika sekondari za Tanzania, hayawezi kuachwa. Tofauti iko kwa mzazi anayelalamika. Wa Kenya anahitaji kuonesha kwamba mwanawe alipigwa. Wa Hanang lazima aoneshe kwamba kiboko kilikuwa cha tano, au fimbo ilikuwa nzito, au kibali hakikuwepo. Na ushahidi wake umo katika daftari linalotunzwa na shule anayoilalamikia.